Makato kwa Jina la Kaka

Kansanga, Kampala

Shemeji yangu Mama Rashidi,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta umekaa mahali patulivu, si katikati ya watu wanaokuuliza maswali. Pokea pole yangu kwa mara nyingine. Najua nimeshakupa pole kwenye simu mara tatu, lakini kaka yako Swaibu huweka sauti juu nyumba nzima isikie, na mtu hawezi kulia vizuri huku jirani anamsikiliza. Mama anaendeleaje na miguu yake? Watoto wanakula? Rashidi amerudi shuleni, au bado anashinda pale kwenye mkeka alipokuwa akikaa na baba yake? Marehemu kaka alikuwa akiniambia kwamba mtoto huyo ndiye aliyekuwa akimgeuza ubavu kila jioni, na kwamba hajawahi kulalamika.

Sisi huku tunapumua. Hadija anakusalimu, ana kikohozi cha mvua hii isiyokwisha, na chumba chetu kinavuja upande ule ule kilipovuja mwaka jana. Mwenye nyumba anasema atatengeneza. Amekuwa akisema hivyo tangu binti yetu anyonye, na sasa binti yetu yuko sekondari.

Barua hii nimempa Mama Aisha, jirani yetu anayeleta mitumba huko kwenu Arua, na nimemwapisha kwamba ataiweka mkononi mwako na si kwa Swaibu. Isome peke yako kwanza. Uko kwenye eda, una haki ya kufunga mlango. Ukishaimaliza, ukitaka kumsomea Mama, msomee. Ukitaka kuichoma, moto ni wako.

Swaibu aliniuliza juzi kwenye simu, "Zile karatasi za Mfuko za marehemu, za akiba ya kazini, lini unatuma?" Nikamjibu kwamba naulizia. Si kweli, shemeji. Nilikuwa nimekwisha kuulizia zamani, najua kila kitu mpaka shilingi, ila nilikuwa nimeyakalia mambo hayo.

Wewe unajua nusu ya habari, ngoja nikupe yote. Kaka Ismaili aliajiriwa na kampuni hii ya ulinzi miaka tisa iliyopita. Alilinda miaka miwili, akaanguka na bodaboda akavunjika kiuno. Kwenye kampuni yetu ukikosa zamu wiki moja, lindo lako anapewa mwingine, na kurudi ni kuanza upya: mafunzo, dhamana ya sare, barua ya mwenyekiti wa mtaa, na zawadi kwa mtu wa kukupokea. Basi sisi watoto wa kambi ya jeshi tukafanya kama walivyofanya wengi kabla yetu. Mzee wetu alipokuwa jeshini, si aliwahi kumshikia zamu ndugu yake mwezi mzima na hakuna aliyejua? Nikavaa sare ya kaka, nikabeba kitambulisho chake cha kazi, nikaenda kusimama getini Nakasero. Kimo chetu kimoja, pua yetu moja. Tulisema wiki mbili, mpaka kiuno kipone.

Kiuno hakikupona, na wiki mbili zikawa miaka saba. Miaka saba nimeitwa Ismaili. Nikiitwa Juma barabarani sigeuki. Kampuni ilipoleta mashine ya vidole, vidole nilivyoweka ni vyangu na jina lililotokea ni lake. Kila mwezi nilikutumieni elfu hamsini, na kaka akinitania kwenye simu, "Mpangaji wangu, umeleta kodi ya jina?" Nami namjibu kwamba jina lake linavuja kama chumba changu. Tulicheka sana kwa hilo. Sasa sioni kilichokuwa kinachekesha.

Siku aliyofariki, tarehe ishirini na saba, ulinipigia alfajiri nikiwa lindoni. Nilikimbia kwa kamanda kuomba ruhusa. Kuna fomu ya msiba, shemeji. Kamanda akaiweka mezani, akanipa kalamu.

"Pole, Ismail. Andika hapa. Marehemu iko nani kwako?"

"Ndugu yangu wa tumbo moja."

"Jina yake?"

Nilisimama na kalamu. Ningeombaje ruhusa ya kwenda kumzika Ismaili Draru, na mimi ndiye Ismaili Draru niliye mbele yake nimevaa viatu? Nikaandika Juma. Nikajiandika mimi mwenyewe, jina langu lote kama Mama alivyonipa, na kwenye mstari wa sababu ya kifo nikaandika ugonjwa wa muda mrefu.

Kamanda akasema nisubiri mtu wa kunipokea zamu. Mtu akaja saa kumi na mbili jioni. Mlikuwa mmeshamzika baada ya alasiri, na hiyo ni haki, maiti wetu hangojwi. Lakini nilisimama pale getini kutwa nzima nikifungua na kufunga lango la magari, nikijua kaka anaoshwa na watu wengine.

Wenzangu wakachanga mabugo, ule mchango wa msiba wa huku. Wewe Okello humjui, ni mlinzi mwenzangu kutoka Gulu, mtu wa roho. Akapitisha kofia hata kwa madereva wa ofisi. Akaniletea bahasha, akakaa karibu yangu kwenye tofali.

"Bannange, jamani, Ismail, pole sana. Huyo Juma alikuwa mutu namna gani?"

Ningefanya nini? Nikaanza kumweleza Juma. Nikasema alikuwa mtu wa kazi, mwenye hasira za karibu, anapenda kubishana, hana bahati ya vitu. Okello akatikisa kichwa akasema, "Watu kama hao ndio Mungu nachukua mapema." Hapo nikalia, shemeji, nikamlilia kaka kwa sauti, na watu wote wakadhani namlilia Juma. Fedha hizo za kofia ziko ndani ya barua hii, zote. Sikuweza kuzila. Wanunulie watoto viatu.

Sasa aibu yangu inaanza. Nilipewa siku tatu. Ningeweza kupanda basi la usiku nikafika mkiwa bado kwenye matanga. Nilikuambia nimekosa nauli. Nauli nilikuwa nayo. Siku hizo tatu nilizitumia kupiga hesabu.

Siku ya kwanza nilikwenda Bukoto, makao ya kampuni, kwa karani wa mishahara anayeitwa Nakato. Nilitaka kujua akiba iliyoko kwenye Mfuko ni kiasi gani. Mimi mwenyewe nilikuwa na makadirio yangu kwenye kipande cha boksi: karatasi ya mshahara inaonyesha wamenikata elfu kumi na tano kila mwezi, na ile miaka minne ya mwanzo, wakati mshahara ulikuwa laki mbili, makato yalikuwa elfu kumi. Nikajumlisha miaka tisa, ya kaka na yangu, nikapata milioni moja, laki tatu na elfu themanini. Naapa kwako, kwa kiasi hicho nilikuwa tayari. Nilimwambia Hadija kwa simu nikiwa njiani, "Hizo zote zitakwenda kwa Mama Rashidi, za kwetu Mungu atatupa."

Nakato akaangalia boksi langu, akacheka kidogo, si kwa ubaya.

"Ssebo, wewe nahesabu yako tu. Hii tano kwa mia ni yako. Kampuni nayo nalipa kumi kwa mia juu yake. Chukua mshahara mzima, si ile nabaki mkononi. Hiyo yako, zidisha mara tatu."

Akaandika kwenye karatasi mbele yangu. Laki mbili, kumi na tano kwa mia, ni elfu thelathini kwa mwezi, kwa miaka minne. Laki tatu, ni elfu arobaini na tano kwa mwezi, kwa miaka mitano. Milioni nne, laki moja na elfu arobaini. Na juu ya hapo kuna faida ya kila mwaka ambayo alikataa kuikadiria, akasema hiyo wataisema wenyewe Mfuko.

Shemeji, nitakuambia kilichonipata, maana hakuna mwingine wa kumwambia. Nilitoka Bukoto nikiwa mtu mwingine. Ukarimu wangu ulikuwa wa milioni moja. Ilipofika milioni nne nikaanza kupima: miaka miwili ya kaka mwenyewe ni laki saba na elfu ishirini, basi hizo ndizo za wajane na mayatima. Milioni tatu, laki nne na elfu ishirini ni usiku wangu mimi, baridi yangu mimi, miguu yangu iliyovimba kama ya Mama. Nilitembea kwa miguu mpaka Kansanga na sikumkumbuka kaka hata mara moja njia nzima. Siku moja tangu azikwe.

Siku ya pili nilikwenda ofisi za Mfuko, nikasema naulizia kwa niaba ya rafiki. Kijana aliyenihudumia alikuwa na adabu. Nikamuuliza, kama mtu amefanya kazi kwa jina la nduguye, na nduguye akafa, akiba ni ya nani? Akanitazama vizuri, akasema akiba ni ya mwanachama ambaye jina na namba yake ya taifa vimeandikishwa, na akifa ni ya warithi wake. Mjane na watoto. Nikasema, na yule aliyelinda? Akasema kwenye kompyuta yake hakuna mtu kama huyo.

Kisha akaongeza jambo ambalo sikulitarajia. "Mwambie rafiki yako aangalie tarehe. Kama mtu alikufa mwezi huu na mwezi ujao anaingiza mchango, sisi tutauliza. Mfu hachangi. Faili inasimama, na wale watoto wanangoja mpaka ijulikane nani alikuwa nani."

Umeelewa, shemeji? Mshahara wa mwezi wa msiba ulikuwa umeshapigwa. Nakato hufunga majina tarehe ishirini, na hakuna anayengoja mwezi uishe: hukadiria kwamba kila mtu atamaliza zamu zake, hukata makato kwa makadirio hayo, na aliyekosa siku hurekebishiwa baadaye. Kwa hiyo mwezi ule uko sawa. Lakini mwezi huu, ikifika tarehe ishirini mimi bado ni Ismaili, Ismaili atakatwa elfu kumi na tano akiwa kaburini, na hizo elfu kumi na tano zitazuia milioni nne zako.

Ungedhani mtu mwenye akili angeacha kazi siku hiyo hiyo. Mimi nilirudi lindoni tarehe mosi. Nikalinda siku kumi na nane. Kila siku nikisema kesho. Niliandika barua, shemeji, si hii, nyingine, nikakuomba usiandikishe kifo kwa miaka miwili tu, binti yangu amalize kidato cha nne, na nikuongezee kodi ya jina iwe elfu themanini. Niliipamba barua ile kwa aya na dua. Nikamsomea Hadija. Nilidhani atanisifu.

Hadija akasema, "Mjane anakaa eda ya mume wake, wewe unataka kumwambia mume hajafa?" Halafu akasema neno lililo kinyume na hilo, maana naye ana uchungu wake: "Na ukiacha, tutakula nini? Umemfanyia kazi kaka yako akiwa hai, sasa unamfanyia akiwa amekufa?" Akatoka nje akakaa mvuani na jiko lake la mandazi. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilikuwa nimefika mwisho wake nikiwa na mke na mtoto mgongoni.

Barua ile nimeichana. Jana, tarehe kumi na nane, nilikwenda tena Bukoto, nikamwambia Nakato ukweli wote. Alifunga mlango.

"Kumbe wewe ni nani?"

"Juma."

"Si Juma ndiye amekufa? Mimi nilichangia huyo Juma elfu tano!"

Nikamwomba alifute jina kabla ya kesho kutwa. Nikamwomba pia anilipe siku zangu kumi na nane, nje ya kitabu, kwa namna yoyote. Akatikisa kichwa, na niliona kwamba halifurahii. "Ikiwa nakulipa, nakata. Ikiwa nakata, inaenda kwa jina ya marehemu. Wewe sema, nifanye nini?" Nikamwambia futa. Akanipa karatasi, nikaandika barua ya kuacha kazi kwa jina la Ismaili, tarehe ishirini na sita, siku moja kabla hajafa. Sahihi ya kaka naijua kuliko yangu. Nikavua sare pale pale stoo, nikarudi nyumbani na fulana ya ndani na koti la Okello.

Kwa hiyo njia iko wazi, mradi utulivu uwepo. Eda ikimalizika, sio kabla, msimruhusu Swaibu akuharakishe, mwende kwa mwenyekiti awape barua ya kifo yenye tarehe ya kweli. Mwenyekiti anajua kaka alikuwa kitandani, lakini barua yake husema mtu alikufa lini, haisemi alikuwa analinda wapi. Chukua cheti cha ndoa kwa shehe, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote watatu. Ukiulizwa kazi, sema mume wangu alikuwa askari wa kampuni fulani. Ni kweli, alikuwa. Usiongeze neno hapo.

Na fedha zikitoka? Nimekaa na kalamu hapa mpaka chai imepoa. Sheria inasema ni zako zote, na sina karatasi hata moja ya kukupinga, wala ofisi ya kukushtakia. Sitasema nipe. Lakini nikisema sizitaki nitakuwa nimeongeza uongo mwingine juu ya ule wa miaka saba, na nimechoka. Nazitaka, shemeji. Naziota. Laki saba na elfu ishirini ni za kaka, hata mbele ya Mungu ningesema hivyo. Zilizobaki, wewe uliyemwogesha miaka saba kitandani unajua ulilinda nini, na mimi najua nililinda nini. Ukiona kuna langu, utanitumia utakacho. Ukiona hakuna, sitakudai, wala sitaacha kuwa baba mdogo wa watoto wako. Ila usiniambie kupitia Swaibu. Niambie wewe.

Elfu hamsini za kila mwezi hazitakuja mwezi huu. Nisamehe kwa hilo pia.

Nisalimie Mama, mwambie asiache dawa za miguu kwa sababu ya kufunga. Msalimie shangazi yetu mkubwa aliyekaa nawe siku za matanga, Mungu amlipe. Msalimie mjomba mshona viatu, na shehe aliyemswalia kaka mimi nikiwa getini. Hata Swaibu msalimie, ana kelele lakini anakupigania, na dada asiye na kaka wa hivyo huliwa. Rashidi mwambie kwamba baba yake mdogo amekaa akaona: yeye alifanya kazi kubwa kuliko sisi wote.

Jumatatu kuna kampuni nyingine inaajiri, hapa hapa Kansanga. Nitapanga foleni na vijana. Nina miaka arobaini na tatu, na Okello ameshanielezea maswali wanayouliza: jina lako nani, na umewahi kufanya kazi wapi. La kwanza nitalijibu. La pili nitawaambia sijawahi kufanya kazi popote.

Ni mimi, mdogo wa marehemu,

Juma